Bahasha Saba Ukutani Kwangu

Likasi, tarehe 26

Kwa Papa Athanase, msimamizi wa ndoa yetu

Mpendwa Papa Parrain,

Salamu katika Bwana, kwako na kwa Mama Angèle. Sisi hapa ni wazima, ila mimi sina amani, na ndiyo sababu ya barua hii. Unisamehe ukubwa wa herufi. Mkono mmoja wa miwani yangu nimeufunga kwa waya wa shaba, kioo cha kushoto kimepasuka, na nisipoandika hivi mimi mwenyewe sioni ninacholalamikia.

Siku ile mbele ya altare ulituambia: nyumba ikiwaka moto, niiteni kabla ya jivu. Papa, inawaka. Miezi mitatu iliyopita mke wangu Berthe alikwenda semina ya akina mama parokiani, siku tatu, akarudi na bajeti. Sasa ukutani, juu ya meza ya kulia, zimepigiliwa bahasha saba: Unga, Makala ya kuwashia jiko, Masomo, Dawa, Kanisa, Wageni na Kesho. Siku ya mshahara fedha zangu zinagawanywa humo kabla sijavua viatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna bahasha yenye jina langu. Nilipouliza kwa upole, Berthe alijibu: «Weye hauko dépense, weye uko mwenye nyumba.» Yaani mimi si matumizi. Nilifurahi mpaka saa kumi jioni, ndipo nikapata kiu.

2. Bahasha ya Wageni. Unajua desturi yetu: mgeni akiaga humwachi aende mikono mitupu, unampa transport, nauli ya kurudia kwao. Mjomba wangu Bertin alitoka Kapolowe kutusalimu tarehe 23 ya mwezi uliopita, akakuta bahasha imekauka. Berthe akamwandikia karatasi safi, yenye sahihi: «Transport ya Mjomba, italipwa tarehe 2.» Alidhani amemheshimu. Mjomba akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, akaketi tena. «Hakuna mateso, mama. Kama transport inatoka ku tarehe mbili, miye njo ntaingoya hapa.» Siku kumi, Papa! Bukari ya unga wetu mara mbili kwa siku, na Mjomba si mtu wa tonge dogo. Bahasha ya Unga ilikufa, ikafuatwa na ya Makala.

Tena elimu hiyo Mjomba amekwenda nayo kwao. Juzi nilifika Kapolowe kuomba gunia langu la mahindi, kama miaka yote, nikapewa karatasi yenye sahihi.

3. Bahasha ya Kanisa inajua sadaka moja tu. Jumapili iliyopita padri alitangaza kapu la pili, la paa la sakristia. Watu wote wakasimama kwenda mbele. Sisi tulibaki kwenye benchi, mimi nikifunga kamba za viatu visivyo na kamba.

4. Bahasha ya Kesho, ambayo naomba uitazame kwa makini kwa kuwa inagusa imani. Bwana wetu alisema tusisumbukie ya kesho. Berthe anaisumbukia kila Jumamosi. Anaingiza humo noti, na chini ya neno Kesho ameandika kitu kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nami siwezi kukisoma. Sikumwomba mtu anisomee. Mwanamume hasomewi ukuta wake. Na kwa kuwa kesho haifiki kamwe, mara mbili nimeikopa kwa ajili ya leo, chupa chache tu siku za mpira, na dunia haikuanguka.

5. Macho yangu. Hili ndilo linaloniuma kweli. Mwezi huu kazini nilisoma vibaya kipimo, nikakata bomba likapungua kiganja kizima, na chef, mkubwa wetu wa kazi, akaniambia mbele ya vijana wote: «Papa Germain, macho yako inakuwa sasa ya kulinda portail.» Amenipa mpaka mwisho wa mwezi: nipate miwani, au nihamie mlangoni. Miaka ishirini na miwili ya ufundi, nikaishie kufungulia malori! Nilipomweleza Berthe, alisema neno moja: «Ngoja.» Ningoje nini? Unga una bahasha, makala yana bahasha, macho yangu hayana. Hata mfungwa wa Buluo anajua tarehe yake.

6. Nilijaribu kulipiza. Nikajiwekea bajeti ya maneno: kumi asubuhi, mawili jioni. Berthe anasema nyumba haijawahi kuwa nzuri hivi.

Kwa hiyo naomba uje Jumapili baada ya misa, pamoja na Mama Angèle, mziondoe bahasha na misumari yake, na kurudisha utaratibu wa kale, yaani mfuko wa suruali yangu. Katika utaratibu ule fedha ziliingia tarehe moja, zikaisha tarehe kumi, na kwa kuwa hakuna aliyejua zilikokwenda, hakuna aliyelaumiwa. Ni kweli tulidaiwa na muuza unga, na muuza makala na mwalimu wa watoto, lakini tulikuwa huru.

Nisalimie Mama Angèle, wajukuu, majirani wa pande zote mbili, hata yule mbwa wenu ambaye hajawahi kunipenda.

Mwanao wa ndoa, mtii kwa wote isipokuwa kwa bahasha,

Germain

Nyongeza: Kabla ya kuikunja barua niliazima miwani ya jirani yangu Rémy ili nirekebishe makosa. Nilipoinua kichwa, ukuta ukasomeka. Chini ya neno Kesho Berthe ameandika: «Miwani ya Germain, mbele ya mwisho wa mwezi.» Na chini yake tena, kwa kalamu ya risasi: «Tarehe 9, Germain, kiu. Tarehe 17, Germain, kiu tena.» Alijua, na bado akaendelea kuweka. Nimezihesabu noti. Zinatosha vioo, hazitoshi fremu. Fremu nimeinywa. Basi Jumatatu nitaingia kazini na vioo vipya ndani ya waya ule ule wa shaba, na bomba nitalikata sawasawa.

Usije kuondoa chochote. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu karatasi hizi Berthe amekwisha kuziandika katika daftari lake la bajeti, na hapa kwetu siku hizi hakitupwi kitu. Mkitaka kutusalimu, njooni baada ya tarehe mbili. Na ukikutana na Berthe, mwambie asante kwa niaba yangu. Ningemwambia mwenyewe, lakini maneno yangu mawili ya leo jioni yamekwisha. Nimemwambia: «Berthe, samahani.»