Jiwe la Chumba Namba Nne

Inatangazwa kwa umma, kwa furaha na fahari kubwa, kwamba kuanzia mwezi huu hakuna raia atakayehukumiwa tena kwa alichokifanya. Atahukumiwa kwa alivyolelewa.

Tangazo hilo lilibandikwa getini, chini ya lile la zamani linalosema usikojoe hapa, na wananchi waliyasoma yote mawili kwa heshima ileile.

Mimi nilikuwepo tangu mwanzo. Ndimi ninayepika chai ya Kamati ya Kupima Malezi, na ndimi ninayeandaa Chumba Namba Nne. Siku ya kwanza Mwenyekiti alitueleza: "Kosa ni tunda, sisi tunafuata mzizi. Mwizi hakuanza kuiba sokoni. Alianza kwa mama yake." Katibu alipiga makofi. Mtaalamu, ambaye amesomea malezi katika nchi tatu na hana hata mtoto mmoja wa kumlilia usingizini, aliandika neno "mzizi" akalipigia mstari.

Chumba Namba Nne hakina dirisha. Kina kiti kimoja kinachoyumba, meza, sahani ya biskuti sita, na sakafu ambayo naimwagia maji kwa makusudi. Dekio na ndoo yake naviegemeza ukutani. Mtuhumiwa hufungiwa humo saa nzima, naye Mtaalamu humchungulia kupitia jicho la simba wa kwenye kalenda. Kitasa kiko nje tu. Kanuni ya saba, aliyoiandika Mwenyekiti kwa mkono wake, inasema mlango usifunguliwe kabla ya saa kutimia, hata aliyemo apige kelele vipi, maana kelele nazo ni malezi. Fomu hazina majina. Zina namba tu, ili kuzuia upendeleo.

Anayepata chini ya alama hamsini kwa mia anastahili miaka miwili katika Nyumba ya Malezi Mapya. Ila Nyumba hiyo ina nafasi ya watu watatu tu kwa wiki. Kwa hiyo kila Ijumaa saa kumi jioni lori huja kuwachukua watatu wenye alama ndogo kuliko wote, na waliobaki husamehewa kwa kukosa godoro. Sheria yetu ina huruma.

Jumatano aliletwa Mama Ndoo.

Huyu hufulia watu nguo, na jina amelipata kwa sababu hajawahi kuonekana bila ndoo. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minane. Alikamatwa akikinga maji kwenye bomba la bustani yetu, lile linalonywesha majani asubuhi na jioni. Mtaani kwao mabomba yamekauka, huu mwezi wa nne. Nilitamani hilo liandikwe, lakini fomu haina nafasi ya bomba. Ina nafasi ya mama.

Nilimshikia mtoto, akaingia. Nyuma ya ukuta, Kamati ikaanza kazi.

"Amepiga hodi chumba kitupu," alisema Mtaalamu. "Woga wa utotoni. Toa kumi."

"Sasa anadeki," alisema Katibu. "Nani kamtuma?"

"Hakuna. Hajitambui. Toa ishirini."

"Kakunja karatasi, kaiweka chini ya mguu wa kiti kisiyumbe."

"Kuharibu mali ya umma."

"Na biskuti hagusi," Katibu alisema kwa matumaini.

Mwenyekiti alitikisa kichwa. "Tamaa iliyofichwa ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu aliyelelewa vizuri angekula hata mbili."

Alipata kumi na moja. Wiki hiyo hakuna aliyekuwa chini yake. Na kanuni ya kumi na mbili inaagiza kwamba mtoto wa aliyelelewa vibaya apelekwe kituo kingine, mbali na mama, kabla hajaharibika.

Ijumaa alikuja mwenyewe, bila kuletwa, akaketi kwenye benchi la ukumbini na furushi lake.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "huko ninakopelekwa, mtoto nitamnyonyeshaje?"

"Utaratibu upo, dada," nilimjibu, maana ndivyo tunavyojibu.

"Upo wapi?"

Nilikwenda kuangalia chai.

Saa tisa mtuhumiwa wa mwisho aliondoka. Hapo ndipo Kamati hufanya tathmini ya wiki, yaani wote watatu huingia Chumba Namba Nne kumaliza biskuti. Huzuia mlango kwa jiwe usijifunge, kisha huurudisha hadi kwenye jiwe, kwa kuwa tathmini ni siri.

Mama Ndoo aliliona lile jiwe katikati ya njia. Aliinuka na mtoto wake mgongoni, akaliokota, akaliweka vizuri pembeni mwa ukuta. Mlango ukajifunga polepole, kwa adabu.

"Mama yangu alikuwa akisema, jiwe ukiliona njiani ni lako," aliniambia. "Ukiliacha, atakayejikwaa umemwangusha wewe."

Nilishika kitasa. Kisha nikakumbuka kanuni ya saba, nikakiachia. Kanuni ya tatu nayo inasema Mtaalamu asipokuwepo, aliye karibu na tundu la jicho la simba apime. Shule niliiachia darasa la tano, lakini kuweka tiki hakuhitaji la sita. Nilichukua fomu tatu.

Hakuna aliyepiga hodi, hilo nililiandika kwanza. Mwenyekiti alikanyaga maji, akateleza, akayakalia. "Nani kamwaga maji humu?" alifoka.

"Ni wewe uliyeagiza, mzee," alisema Katibu, ambaye alikuwa ameshawahi kiti. Mtaalamu alimvuta shati. Kiti kikaanguka nao. Wakati wanagombana chini, Mwenyekiti alikula biskuti nne, na mbili akatia mfukoni. Mtaalamu akaambulia kulamba sahani. Dekio lilikuwa linawatazama wote watatu.

"Fungua!" Mwenyekiti alipiga mlango kwa ngumi. "Mnajua mimi ni mtoto wa nani?"

Fomu ina swali hilo: je, mtuhumiwa anamtaja mzazi wake kwa vitisho? Tiki.

Dakika ya arobaini Mwenyekiti aliisogeza ndoo ya dekio kwenye kona, akaifanyia jambo lile linalokatazwa na tangazo la zamani la getini.

"Mdogo wangu, mbona kama kuna watu wanalia humo?" aliuliza Mama Ndoo.

"Wanapimwa."

"Maskini. Wamekula lakini?"

"Wamekula."

Mwenyekiti alipata sita, Katibu saba. Mtaalamu nilimpa tisa, kwa kuwa alilia bila kusumbua wengine. Fomu nilizipandisha ghorofani kwa Hakimu, ambaye husaini fomu zote za wiki, nikamkuta kwenye simu. Alisoma mstari mmoja, akakunja uso. "Hawa wamelelewa na nani?"

"Haijaandikwa, mheshimiwa."

"Aibu kwa mama zao," alisema, akasaini zote tatu.

Saa kumi kamili nilifungua mlango. Dereva wa lori alikuwa amesimama na askari wawili.

"Mia mbili na moja, mia mbili na mbili, mia mbili na tatu. Pandeni."

"Wewe! Mimi ni Mwenyekiti! Sheria hii nimeiandika mimi!"

Dereva aliinamia fomu. "Ni kweli, hapa kuna tiki: hujidai ana cheo. Pole, baba. Kaa kule mbele, barabara ina mashimo."

"Muulizeni huyu binti wa chai! Binti, waambie!"

Wote walinigeukia. Mimi kusema mbele za watu siwezi. Niliinamisha macho, kama nilivyofundishwa nyumbani.

"Utaratibu upo, mzee," nilisema.

Mama Ndoo alikosa godoro, akasamehewa. Aliuliza kama anaweza kurudishiwa ndoo yake iliyoshikwa kuwa ushahidi. Nilimrudishia ikiwa imejaa. Majani ya bustani hayakulalamika.

Habari kutoka Nyumba ya Malezi Mapya si mbaya. Katibu ameshajua kusema asante. Mtaalamu anaweza kumpisha mtu mlangoni. Mwenyekiti ndiye bado yuko kwenye somo la kwanza, kudeki alichokimwaga. Kila asubuhi huwauliza walimu, kwa ukali, dekio liko wapi.

Limeegemezwa ukutani.