Samaki Mdomo-Ndege wa Chang'ombe

Jumatatu, 1 Septemba

Leo, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili kasoro robo, nimepotezewa samaki. Mmoja. Dume. Bluu kutoka mdomo hadi mkia, sentimita ishirini na moja, mdomo umechongoka kama wa ndege chozi. Alikuja kutoka Tanga hadi hapa Dodoma ndani ya mfuko wa oksijeni na hakufa njiani. Aje apotelee sebuleni kwangu!

Wamebaki majike watano. Kahawia, tumbo la rangi ya maziwa. Hakuna mtu atakayegeuza shingo kuwatazama.

Jumamosi ya tarehe 13 Bi Asma anafungua mgahawa wake kule Chimwaga. Pana nafasi ya tangi moja tu, mkabala na mlango. Alishaniambia wazi: anamtaka yule wa bluu. Asipokuwepo, nafasi inakwenda kwa Nathanaeli, mfugaji mwenzangu wa samaki, na perege wake wa bwawa la Mtera. Perege! Samaki wa kukaanga, yeye anawawekea taa.

Na Jumapili ya tarehe 14 mama mkwe anakuja kutoka Kondoa kutibiwa macho. Kitanda chake kitakaa pale lilipo tangi. Mke wangu, Mama Sabrina, alishapima kwa hatua. Kwa hiyo tangi litatoka, ama kwa heshima ama kwa aibu.

Mwizi namjua. Jana Nathanaeli alikuja, eti anapita kusalimia. Nani anapita kusalimia huku mikono iko mfukoni?

Mama Sabrina anasema samaki ameruka, nitazame nyuma ya kabati. Nikachukua futi kamba nikamwonyesha. Upenyo wa kifuniko, wa kupitisha mpira wa pampu: sentimita nne. Samaki: ishirini na moja. Ishirini na moja haiingii kwenye nne. Mimi ni fundi vioo, tangi hili nimelikata na kuliunganisha kwa mikono yangu, lita mia nne na ishirini, halivuji hata tone. Akaenda kufua.

Jumatano, 3 Septemba

Sijakalia kiti tangu alfajiri.

Nimeripoti wizi kwa mwenyekiti wa mtaa. Akauliza samaki alikuwa mbichi au mkavu. Nikamwambia alikuwa hai! Akaandika "kitoweo". Nikagoma. Akasema daftari lake lina mifugo na lina vyakula, nichague. Nikachagua mifugo.

Nikapitia kwa Nathanaeli. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kapteni, akasema, ndivyo anavyonitania, mimi nikiiba samaki namla, simfugi. Halafu akanichoma: perege wangu hata mtoto wa chekechea anamjua. Wako anaitwa nani?

Nimetembea hadi nyumbani nikimtafutia jina.

Kwenye tangi nako fujo. Jike mkubwa kuliko wote ameanza ubabe. Anawafukuza wenzake, anazunguka kona zote nne kama mgambo sokoni. Hakuwa hivi. Kila mtu anatumia msiba wangu kujitafutia cheo.

Ijumaa, 5 Septemba

Mama Sabrina alikuwa akifagia. Akaja na kizoleo, akakiweka mezani. Ndani yake samaki mkavu, mdomo mrefu, bluu iliyofifia. Katoka nyuma ya kabati.

Nilimpima. Sentimita kumi na tisa. Kumi na tisa! Wangu alikuwa ishirini na moja. Ni wazi huyu ni mwingine, Nathanaeli kamchomeka ili kuvuruga ushahidi.

Mama Sabrina akasema kitu kikikauka hupungua. Baba Sabrina, akasema, hata wewe ukianikwa juani utapungua.

Nimehifadhi ushahidi kwenye kopo la unga wa ngano.

Jumanne, 9 Septemba

Mungu ni mwema kwa mtu aliyejitengeneza mwenyewe!

Yule jike mbabe kabadilika. Kichwa kijani. Ubavuni doa la bluu kama wino uliomwagika. Mkia bado kahawia. Si dume, si jike wa kawaida. Nimepekua picha za samaki kwenye simu hadi chaji ikaisha. Hayupo. Maana yake hajaandikwa popote. Maana yake nimemgundua mimi.

Na sababu naijua. Maji yangu nachota kisima cha Mkonze, yana chumvi yake ya asili, kama gramu mbili kwa lita. Samaki wa bahari anataka thelathini na tano. Mimi natia thelathini na tatu tu, kilo kumi na tatu na gramu mia nane na sitini kwa tangi zima. Chumvi ya Dodoma ndiyo iliyomzaa. Watu wa pwani hawana chumvi hii.

Wataalamu huhesabu miba ya mgongoni, nimesoma. Nikapiga picha, nikazikuza. Samaki mkavu: minane. Jike wa kawaida: minane. Huyu mpya: minane. Nikarudia. Nane. Hesabu ikikataa, kosa ni la mwanga. Nikahesabu nikiwa nimesimama dirishani: tisa, ukijumlisha na mkwaruzo wa kioo. Nimeandika tisa.

Jina nimelichonga kwenye bati la alumini, langu na la mji wangu kwa Kilatini: ABDULNASIRIA DODOMENSIS. Chini yake: Hapatikani kwingine duniani. Sasa Nathanaeli aniulize anaitwa nani.

Jumamosi, 13 Septemba

Jana tulihamisha tangi kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, samaki kwenye ndoo, sote salama. Leo ufunguzi.

Bi Asma akauliza wa bluu yuko wapi. Nikavuta kitambaa, bati likang'aa. Watu wakanong'ona. Akasogea mteja wake mmoja, Daktari Evodia, anafundisha elimu ya wanyama chuoni. Akapiga magoti mbele ya kioo na kitenge chake kizuri. Akatazama sana. Nikanyoosha mkono tayari kwa pongezi.

Akasema huyu ni jike yuleyule, yuko nusu ya safari ya kuwa dume. Katika ukoo wa samaki hawa, dume akiondoka, jike mkubwa anakalia nafasi yake. Kwanza huja ubabe, siku ileile. Kisha rangi. Na ndani mwili unaacha mayai, unaanza mbegu za kiume. Mpe majuma mawili, atakuwa bluu mwili mzima.

Nikamwambia rangi mbili ni samaki wawili. Akasema usione haya, kaka, hata mabingwa wa vitabu walinaswa hapohapo: dume wakampa jina lake, jike wakampa jingine, kumbe mke na mume. Akauliza kama nilihesabu miba. Nikasema tisa. Akahesabu kwa sauti, kidole kwenye kioo, na ukumbi mzima ukaitikia naye hadi nane.

Nathanaeli akapaza sauti: Kapteni, mwizi wako huyo hapo, kavaa nguo za marehemu!

Nilitafuta mlango. Lakini Bi Asma alikuwa akitazama kitu kingine: hakuna aliyekaa mezani. Wote wako kwenye tangi langu, wanabishana kesho bluu itafika wapi. Akasema tangi linabaki. Watu watarudi kila siku kumwangalia. Sharti moja: bati litoke, Daktari ataandika jingine.

Nathanaeli akabeba perege wake. Nafasi ni yangu. Nimeshinda. Mbona situlii?

Jumapili, 14 Septemba

Mama mkwe kafika saa saba. Shikamoo yangu hakuiitikia kwanza, akauliza kama ni kweli nina samaki aliyeacha uke. Habari imefika Kondoa kabla hajapanda basi. Kitanda chake kimejaa sebule, ukuta hadi ukuta.

Nimekwenda mgahawani. Foleni hadi nje. Kibao kipya: Jike Anayegeuka Dume. Jina langu halipo. Hata kwa herufi ndogo! Na Daktari hajapima chumvi ya Mkonze. Hata gramu moja.

Mama Sabrina ameniuliza nikiliondoa tangi nitaliweka wapi, juu ya mama? Nimemwambia hilo ni suala la utekelezaji. Ujumbe nimeshautuma kwa Daktari, nakala kwa Bi Asma:

"Kwa heshima zote. Samaki yule ni spishi yangu au si yangu? Sitaki habari za ukoo wala mbegu. Ukisema si yangu, naondoa tangi kesho hiyohiyo, na bluu watakwenda kuitafuta kwa perege. Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya saa nne kamili asubuhi, Jumatatu."