Vita vya Adrienne na Ufagio, Nyuma ya Jiko

Sogeeni, enyi mlioshiba bukari, ugali wetu, na msioshiba, na mitambo ya shaba ipunguze ngurumo, nikuhadithieni vita alivyopigana Adrienne binti Kabamba nyuma ya jiko lake, hapa Likasi, pasipo kumwaga damu.

Adui alikuwa udongo. Moshi wa viwanda vya shaba uliunguza miti ya mtaa ule tangu enzi za mababu, mvua ikaishusha sumu ardhini, kisha mafagio yakaja kumalizia kazi. Maana kwetu mwanamke wa heshima hufagia uwanja kila alfajiri hadi ardhi nyekundu ing'ae, na majani huyachoma moto. Mboga za lengalenga alizopanda Adrienne zilichipua, zikanyauka, zikafa.

Ndipo shujaa akathubutu lisilothubutiwa: akaacha kufagia pembe moja ya uwanja. Akarundika humo majani ya mparachichi na maganda ya mihogo, na umbeya ukaruka ua hadi ua. Mumewe Elie, simba wa mgodini, kondoo mbele ya mamaye, akajifanya haoni.

Kwani nyumbani humo alitawala mavyaa Mathilde, jemadari wa mafagio, mzaliwa wa wavuvi wa ziwa Tshangalele. Naye alikwisha kutangaza: mvua za kwanza zikipita bila kuota kitu, pembe itafagiwa, na Adrienne ataitwa mvivu hadi kaburini. Loo, mke wa watu alikosa usingizi!

Mvua ikanyesha. Hapakuota kitu. Mathilde akajifunga kitenge kiunoni, akainua ufagio, akasonga mbele. Adrienne akasimama kati ya ufagio na majani.

"Mama, miye siko muvivu. Udongo iko na njaa, na chakula yake tunachomaka kila asubui. Angalia kwanza, kisha ufagie."

Akafunua majani. Chini yake ardhi ilikuwa nyeusi, laini, na ndani yake akajinyonganyonga nyungunyungu mmoja, mnene. Mathilde akachuchumaa. Utotoni aliwachimbua hao kwa chambo, kando ya ziwa. Mjini humu, akakiri, hajamwona hata mmoja tangu aolewe. Ufagio akauweka chini.

"Huyu hawezi kukala mu udongo ya kufa," akasema polepole. "Mufunike, mwanangu, kuku isimuone."

Mwanangu! Tangu harusi alikuwa akimwita "bibi ya Elie", yaani mke wa Elie, tu.

Basi vizazi na visimulie: asubuhi ile Likasi ilipata raia mpya, asiye na macho wala kitambulisho, na Adrienne akapata mama.