Mama Emérance Hatoki

Jumanne, 3 Mei 2016

Nimeshinda! Pasta Bagalwa ametangaza mbele ya kanisa: picha za arusi ya mjukuu wangu Nsimire nitazitengeneza mimi. Si Mama Emérance. Huyo ni nyanya wa bwana arusi, anakaa Oakdale kwenye nyumba yenye gereji, na tangu siku ya posa anatembea kama arusi ameizaa yeye. Alidai ana mpwa anayejua kompyuta. Nikasema mimi mwenyewe ninasoma kompyuta maktabani, hapa hapa mtaani kwetu Phillips, tena kiti cha mbele. Pasta akakosa pa kutokea.

Sikusema nimeanza juzi. Hakuuliza.

Sababu ninayo. Mume wangu Thaddée alifia kambini, ukimbizini. Ndege hakuiona, Amerika hakuiona, Nsimire alimwacha hajaota meno. Siku ya arusi ataingia ukumbini kwa picha, na watu watasimama. Kwetu mzee akiingia watu wanasimama. Basi.

Alhamisi, 5 Mei

Darasani. Mwalimu wetu Margaret, mama mzungu mwenye subira nyingi kuliko akili, ametuonyesha ajabu. Picha inaweza kuingia! Inateleza kutoka kushoto, inashuka kutoka juu, inadunda kama mpira. Na inaweza kutoka pia. Nyota ya kijani, picha inaingia. Nyota nyekundu, inatoka. Nikapiga meza kwa furaha. Watu wa maktaba wakanitazama. Na mimi nikawatazama.

Margaret anataka kila picha ipewe ukurasa wake. Nikamwambia no. Kambini tulilala familia nzima ndani ya hema moja, sembuse picha! Ukurasa mmoja unatosha. Waingie, wasalimie, watoke, mwingine apate nafasi. Akaanza kueleza jambo refu lenye but. Mtu akishasema but, mimi nimeshaondoka.

Jumamosi, 7 Mei

Leo nimegawa nyota. Kazi tamu! Dada zake Thaddée wanateleza kwa heshima. Shemeji aliyeazima sufuria yangu kubwa anadunda, na kutoka anatoka kichwa chini. Sufuria bado iko kwake.

Thaddée ndiye wa kwanza. Anatokea polepole, kama ukungu unapokuwa mtu. Ndivyo alivyokuwa akiingia nyumbani, bila kelele. Nyota ya kijani moja. Nyekundu hapana. Alishatoka mara moja, inatosha.

Kuna amri ya kuweka picha mbele ya zote. Nimeibonyeza. Sasa Thaddée amekaa katikati kama mwenye nyumba, wengine wanapita nyuma yake. Nsimire akasema, Koko, bibi yangu, anafunika watu. Nikamjibu watu wasogee.

Wa mwisho ni Nsimire na Rukundo wake. Hao nao hawatoki. Maharusi nyuma, babu mbele yao, kelele za shangwe, mimi nimesimama kwenye kompyuta. Nimeshachagua kitenge.

Jumatatu, 9 Mei

Mama Emérance amepiga simu. Kasikia nimemwekea picha yake akiwa kwenye foleni ya maji kambini. Anasema inamzeesha. Nikamwambia picha haina kosa, iulize miaka. Akakata. Kabla sijaweka simu chini, Pasta naye huyo. Anaomba amani. Kila mtu anaombea amani kwenye simu yangu.

Ijumaa, 13 Mei

Emérance kaleta picha mpya. Mungu wangu! Kofia pana kama dishi la televisheni, na yeye amekaa chini yake kama malkia. Nikaitia. Ikamfunika Thaddée! Ikawafunika maharusi! Nikaipa nyota yake ya kijani, kwa ajili ya amani, halafu nikamwamuru Thaddée arudi mbele. Akarudi. Kofia inachungulia pande zote mbili za kichwa chake.

Bon, haya. Amani ina mwisho. Nikabonyeza katikati kabisa, kwenye kifua cha Mama Emérance, nikambandika nyekundu: azunguke kama jani la kimbunga, atoke mbio. Aingie, atoke hapo hapo! Nikaongeza nyekundu ya pili, asije akarudi.

Nsimire anataka tujaribu kabla ya arusi ya kesho. Nikakataa. Tangu lini mimi naonja mboga yangu mbele ya watoto?

Jumapili, 15 Mei

Jana sikuandika. Jana nilikuwa vitani.

Ukumbi umejaa. Nabonyeza. Thaddée anatokea, polepole, mkubwa ukutani, na koti lake lile. Wazee wa Uvira wakasimama. Wa Bukavu wakasimama. Vijana wakaona aibu, wakasimama. Nikaendelea na kazi.

Wote wakapita vizuri, mabega yao yakaonekana. Maharusi wakaingia. Vigelegele! Kisha kofia. Nikabonyeza nimfukuze.

Thaddée akazunguka kama jani, akatoka mbio.

Thaddée! Emérance kabaki. Mzima, na kofia, juu ya maharusi. Nikabonyeza tena. Hatoki. Mtoto mmoja anacheka. Nikapiga kelele, Thaddée, rudi! Nsimire na gauni lake refu akakimbia, akabonyeza mshale wa kushoto, ule wa kurudisha nyuma. Thaddée akarudi.

Watu wakasimama.

Nikajaribu tena kumtoa Emérance. Thaddée akatoka, wakakaa. Nikamrudisha, wakasimama. Nikajaribu tena. Mzee mmoja akalia wazi wazi, akasema huyu mtu anakataa kuondoka arusini kwa mjukuu wake. Wakaanza kupiga makofi. Na Mama Emérance, nyonga zake mbovu zile, akasimama kila mara, sura yake mwenyewe ikimtazama kutoka ukutani. Hilo namhesabia.

Nsimire ananieleza leo. Eti Thaddée alikuwa mbele, kwa hiyo nilipobonyeza kifua cha Emérance nilibonyeza cha babu yake, nyota zikamwendea yeye. Ati kosa ni langu. Nikamwambia arudi kwa mumewe.

Jumanne, 17 Mei

Pasta anashauri niipumzishe kompyuta. Nikamwambia aipumzishe midomo ya kwaya kwanza.

Watu bado wananipigia, hata wa kule Champlin. Wanauliza nilijuaje kumwingiza mzee mara nyingi vile. Nawaambia nilipanga. Si nilipanga aingie? Ameingia.

Na Mama Emérance kapiga! Sauti ya asali. Kumbe anajua picha yake ndiyo iliyokaa ukutani hadi keki ikakatwa, na anaona ni Mungu. Anataka nimtengenezee picha za sikukuu yake ya kuzaliwa. Picha zake peke yake. Nikamwambia kwa moyo mweupe, mkwe wangu, bila wasiwasi.

Nimeanza leo. Ukurasa mmoja. Kofia ile ile katikati. Safari hii nimebonyeza kifua chake kwa nguvu, nyota nyekundu tatu.

Thaddée naye nimemwalika. Hawezi kukosa. Nilimweka mbele kwanza, ndipo nikaanza kubonyeza.