Wasomaji Kumi na Mmoja wa "Shingo Yako"

Jumatatu, 3 Juni

Mhariri amepiga simu. Nafasi ya kuchapa mwaka huu imebaki moja tu. Ama kitabu changu cha nne cha mnyonya damu na mpenzi wake, ama riwaya ya upelelezi ya yule Mwalimu wa Jiografia. Ijumaa anakuja maktaba kufungua sanduku la maoni ya wasomaji. Wakikitaka kitabu cha nne, kinachapwa. Wasipokitaka, mfululizo wa Shingo Yako umekufa. Miaka tisa ya kazi! Mwisho wa kitabu cha tatu nimemwacha mnyonya damu meno yakiwa hewani. Hawezi kukaa hivyo maisha yake yote.

Mke wangu, pini mdomoni, akauliza wasomaji wenyewe wanasemaje. Nikamwambia ashone tu, hayo niachie mimi.

Saa nane nimepita maktaba. Nimelitikisa sanduku. Karatasi mbili, basi. Mungu wangu!

Jumanne, 4 Juni

Nimeandika maoni kumi na moja. Manne kwa mkono wa kulia, saba kwa wa kushoto. Dereva wa lori kalia hadi kaegesha kando ya barabara. Daktari wa meno anathibitisha kwamba meno yameelezwa kitaalamu. Bibi wa miaka themanini anasema pale mtu anapongatwa shingoni alirudi usichana. Bibi nampenda kuliko wote.

Mke wangu kanifuma nikiwa bibi. Kauliza naandika nini huku nimetoa ulimi nje. Nimesema ni mazoezi ya mkono. Kanitazama kidogo, karudi kwenye cherehani yake.

Jumatano, 5 Juni

Tundu la sanduku ni jembamba. Bibi kakwama! Mkutubi, mtu wa kucheka mara moja kwa mwaka, kainua macho. Nimemsukuma bibi kwa rula. Mara Mwalimu huyoo, kanisalimia kwa adabu zake zote. Hizo adabu ndizo zinazoniudhi.

Ijumaa, 7 Juni

Tulikuwepo sote: Mhariri, Mkutubi, Mwalimu, na mke wangu aliyefunga kazi ili aje. Mhariri akasoma kwa sauti. Dereva, safi. Daktari wa meno, akatabasamu. Kichwa kikaanza kunivimba. Alipofika kwa bibi akaisogeza karatasi karibu na macho. Akatoa penseli. Akarudi kwa dereva, akazungushia neno. Kwa daktari, tena.

Akasema wasomaji wote kumi na mmoja wameandika "kungata", na hakuna hata mmoja aliyeandika "kung'ata". Akasema neno hilo amenisahihishia mara mia mbili na kumi na nne katika vitabu vitatu, kwa hiyo hakuna msomaji aliyeliona bila ile alama yake ya juu. Duniani anamjua mtu mmoja tu anayengata hivyo.

Nikasema huenda walisoma shule moja. Mwalimu akashikwa na kikohozi.

Nilitamani ardhi inimeze. Zilibaki zile karatasi mbili. Moja ilimsifu Mwalimu. Ya pili, isiyo na jina, ilisema: huyu mnyonya damu simpendi, yeye anataka kusikilizwa tu, mwenzake hamsikilizi, nimevisoma vyote mara tatu, nataka kujua dada wa watu atamwacha, au atamfundisha kusikiliza.

Mhariri akasema huyo mmoja anamtosha. Akabandika tangazo mlangoni: msomaji huyo aje Jumatatu saa nne, wazungumze. Akija, nafasi ni yangu. Mke wangu muda wote alitazama sakafu. Kaniona nilivyoaibika, maskini.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu kaniomba safari hii nisifanye kitu. Msomaji atakuja mwenyewe. Nikamuuliza anajuaje. Kasema anajua tu, na nimuahidi. Nimemuahidi, tena kwa moyo mweupe.

Jumapili, 9 Juni

Na asipokuja?

Nimeongea na msusi wa ngambo ya barabara. Ana sauti nzuri ya huzuni. Nimemfundisha yote, kakariri huku anamsuka mteja.

Jumatatu, 10 Juni

Saa nne kamili msusi akaanza: yeye ndiye aliyeandika, vyote kavisoma mara tatu. Mhariri akamuuliza dada wa watu anaitwa nani. Msusi akanitazama. Nikakohoa silabi ya kwanza. Hakuidaka.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu! Kavaa gauni la sherehe, kwapani kabana vitabu vyangu vitatu, vimechakaa, pembezoni mwa kurasa kuna alama za chaki ya kushonea. Akamwona msusi kitini. Akaniona mimi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliweka vitabu mezani, akasema miaka tisa alisubiri nimuulize ameonaje, na siku nilipohitaji maoni nikauuliza mkono wangu wa kushoto. Iliniuma, sifichi. Msusi akauliza kama aendelee.

Mhariri kaamua. Kitabu cha nne kitachapwa iwapo mke wangu atausoma mswada na kusema kwa mdomo wake kwamba anautaka, kabla mwezi haujaisha. La sivyo, nafasi ni ya Mwalimu.

Alasiri mke wangu kabeba cherehani, kaenda kwa dada yake.

Jumatano, 12 Juni

Nyumba kimya mno. Naona hata kula siwezi. Asubuhi nilisema naenda kwa dada yake, nabisha hodi, namuuliza ameonaje, kisha nafunga mdomo. Nilishavaa viatu.

Hapo likanijia wazo bora zaidi. Majirani wanane wa dada yake watamwandikia barua: cherehani inawanyima raha, na wanamsihi arudi kwa mumewe upesi, mswada umkute huko. Mzee mstaafu wa ghorofa ya kwanza nimeshammaliza. Sasa niko kwa mama wa mapacha, na mkono wa kushoto umeanza kuchoka.