Saksafoni Yangu Siyo Pembe ya Sungusungu

Ezra Mwikwabe,
Mkazi wa mlimani, karibu na josho,
Tarime.

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji,
Nakala: Kamanda wa Sungusungu, Mzee Mniko.

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

YAH: KUSHIKILIWA KWA SAKSAFONI YANGU, NA MIMI KUSINGIZIWA YOWE LA NG'OMBE WASIOIBIWA

Mimi ni kijana wako, yule niliyeishia kidato cha pili kwa sababu ambazo mwalimu mkuu anazijua. Ninaandika kwa heshima zote na kwa kalamu ya kuazima. Jumamosi hii, Filemoni, kiongozi wa bendi pale Tarime mjini, ananijaribu. Nikifaulu, napewa kiti cha kudumu kwenye bendi. Nisipotokea, kiti anakipata mtu wa Sirari ambaye hata kupumua hajui. Sasa nitatokeaje wakati saksafoni iko ofisini kwako? Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumanne saa kumi na moja jioni nilikuwa juu ya kilima najifunza solo ya bluzi ya mainori, yaani ile bluzi ya huzuni. Nyumbani nilishafukuzwa, baba anasema kuku wameacha kutaga. Bluzi hii, Mheshimiwa, inazunguka vipimo kumi na viwili, kama maksai wanavyolima tuta hadi mwisho, wakageuka, wakarudi. Mimi hupotea hapo kwenye kugeuka, kipimo cha tisa. Nikifika hapo nashikilia noti moja ndefu, naipindisha, naomba Mungu.

Ndiyo noti niliyokuwa nimeishikilia wanaume arobaini wa sungusungu, walinzi wetu wa kitongoji, walipotokea mbio na pinde, mishale na mapanga, mmoja ana koleo lisilo na mpini. Sikuogopa. Nilidhani sifa zangu zimeanza kusambaa. Nilisimama nikainama kama wanavyofanya wasanii. Kamanda Mniko akauliza kwa ukali ng'ombe wameelekea wapi. Kwa mshtuko nikajibu kwamba mimi bado niko kipimo cha tisa, na vijana wanne wakatimua mbio kwenda kukitafuta.

2. Saksafoni yangu ilichukuliwa kama kielelezo. Nimechungulia dirishani: imetundikwa kwenye msumari juu ya gunia la mbolea, na mjumbe mmoja (simtaji, ni shemeji yangu) huipuliza kila anapoingia kusaini. Kile kipande cha mwanzi cha mdomoni kinataka mate ya mtu mmoja tu. Isitoshe, shemeji ameanza kutoa sauti safi kuliko yangu. Hilo limeniumiza kuliko kunyang'anywa.

3. Kamanda anadai nilipiga yowe la wizi. Mheshimiwa, mtu yeyote mwenye masikio mawili, hata moja, anatofautisha pembe ya sungusungu na saksafoni. Pembe ina sauti moja. Solo yangu ina noti sita, na kati ya hizo nne nazipata vizuri. Pembe inasema njooni. Bluzi inasema nimeachwa, lakini msije. Mwanamuziki kama mimi hawezi kuchanganya vitu hivyo hata akiwa usingizini, na asiyeweza kutofautisha hafai kulinda hata bata.

4. Kwa kuwa kosa siyo langu, anayepaswa kubadilika siyo mimi. Naomba pembe ya sungusungu ifutwe. Watumie filimbi, au kundi la simu, bando wachangiane. Naomba pia tangazo libandikwe mnadani, wezi wajulishwe kwamba Jumanne na Ijumaa jioni ni za mazoezi, waje siku nyingine. Na wale wanaume arobaini waendelee kuja kilimani siku hizo, maana mpiga solo bila wasikilizaji anadumaa. Mishale waiache nyumbani. Koleo linaruhusiwa.

5. Kamanda alisema mbele ya watu, eti: "Hili dude linalia kama ndama aliyekwama kwenye tope." Watu wakacheka, na mama yangu mzazi akacheka. Nataka aombe radhi kwa maandishi. Miezi mitano nimejifunza kwa video za simu, nimeshatoka kwenye ndama. Filemoni mwenyewe alisema sasa nalia kama ng'ombe mzima.

Kwa hayo yote naomba saksafoni yangu kabla ya Jumamosi, ikiwa imefutwa mate ya shemeji. Nisalimie mama hapo nyumbani, wajumbe wote, na wale vijana wanne kama wamesharudi.

Kijana wako mtiifu, na msanii,
Ezra Mwikwabe.

Nyongeza: Jana jioni, barua nikiwa nimeshaifunga, nilisikia upande wa mtoni sauti ndefu, nzito, inayopinda mwishoni. Nikasema kumbe nina mwenzangu anayejifunza. Nikakaa juu ya kinu, nikafumba macho, nikaanza kumhesabia vipimo. Alishika noti moja, akanyamaza, akairudia ile ile. Huko kunyamaza ndiko mwalimu wa kwenye video anakonihimiza tangu Machi, na mimi sijakuweza. Watu walipopita mbio na mishale niliwaashiria wapunguze vishindo, tunasikiliza.

Ilikuwa pembe ya Kamanda Mniko, na ng'ombe walikuwa wa baba. Saba. Watano wamerudi asubuhi hii, wawili bado wanafuatwa.

Kwa hiyo namba tatu ifutwe, na namba nne isisomwe kabisa mbele ya baba. Saksafoni ikae hapo hapo kwenye msumari, sina tena uso wa kuidai. Ila Kamanda akirudi kutoka kufuata nyayo za ng'ombe, na kama hajachoka sana, naomba niruhusiwe kuingia ofisini angalau nusu saa kabla ya Jumamosi, anionyeshe anavyobana midomo.