Kiingereza Changu cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mdomo utanimaliza. Mwezi uliopita nilimpigia chuku mke wangu kwamba hapa mjengoni mhandisi mgeni haongei na mtu ila mimi, tena kwa Kiingereza kitupu. Niliona raha kusikia anavyoguna kwa heshima. Kumbe akamwambia binti yetu. Na binti yetu, si bure tunamwita Chiriku, akamwambia mwalimu na darasa zima. Leo simu imeingia: Chiriku amepewa kazi ya shule, amhoji mtu anayefanya kazi kwa Kiingereza. Amenichagua mimi. Atapiga Jumapili asubuhi.

Mimi nachanganya zege. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Na mhandisi hajawahi kuniambia neno, ila siku moja alinionyesha kwa kidole nisogee.

Jumanne, 5 Machi

Wokovu! Mama Birika, anayetuuzia chai getini, aliwahi kufanya kazi za ndani kwa wageni. Nimembebea ndoo zake za maji, naye akanifungulia siri. Anasema Kiingereza si kikubwa kama watu wanavyokivimbisha. Alikaa nyumba ile miaka kwa kitenzi kimoja tu: have. Maana yake kuwa na kitu. Ila wenyewe hawakiachi kipumzike. Chai hawanywi, wana-have. Chakula cha mchana, have. Kupumzika, have. Kuoga, have. Kutazama, have. Hata kupiga soga, have. Kazi yako ni kukipakia nomino tu, kama toroli.

Nikamuuliza mtu anakuwaje na kuoga. Akaniambia nisichungulie mambo ya ndani ya watu.

Toroli! Mimi na toroli tunajuana. Nimelala nikitabasamu. Fundi Plasta, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza kama nimeokota kitu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekijaribu. Mhandisi alipita karibu na zege langu, nikajikaza kisabuni, nikanyoosha mkono na kusema, “Have a look!” Mkono haukulenga popote. Ulikuwa mkono wa ufasaha tu. Lakini mhandisi akatazama! Akafuata kidole changu mpaka kwenye ukuta wa Fundi Plasta, akaupigapiga, akauona umetoka tumbo. Akaamuru ubomolewe upigwe upya.

Kiingereza kinafanya kazi. Kinabomoa ukuta!

Fundi amenikasirikia. Mbele ya watu ameniita Mzungu wa Zege, akaniuliza kama na ubwabwa nitakula kwa uma. Wakacheka wote. Nimejitia hamnazo.

Alhamisi, 7 Machi

Nomino zinanitoroka. Nikizipata za chakula, za mwilini zinaondoka. Nimepata mbinu. Mtandao wa simu unashika vizuri chumba kimoja tu, kile cha pembeni ghorofa ya nne, nako kuta bado ni tofali tupu. Saa ya mapumziko nimepanda na kipande cha mkaa. Kushoto nimeandika mambo ya chakula, katikati ya kazi, kulia ya afya. Mama Birika akinitamkia kutoka chini, mimi namsikiliza dirishani na kuandika ukutani. Jumapili nitasimama mbele ya ukuta, Chiriku anauliza, mimi nasoma. Binti hatajua. Nani amewahi kuona ukuta kupitia simu?

Nimerudi nyuma hatua kadhaa kuutazama. Ulipendeza, kusema kweli. Sijawahi kuandika kitu kikubwa hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Mgongo hauniachi. Tangu lile tumbo la ukuta, mhandisi hamwamini Fundi. Nyapara ametangaza kwamba plasta ya juu aliyopangiwa Fundi lazima iishe yote leo, tukichelewa hakuna anayeondoka. Kwa hiyo nimechanganya saruji na mchanga kama mwendawazimu, ndoo zinapanda kwa kamba, zinashuka tupu, zinapanda tena. Sikupata hata nafasi ya kunyanyua kichwa. Wavuta kamba nikawafokea wasizubae, maana nilitaka kuwahi kulala nipate sauti nzuri kesho.

Fundi ameshuka akipiga mluzi. Amenipa nusu ya sabuni yake. Nimeona amenisamehe. Mtu mwema yule, nilimfikiria vibaya.

Jumapili, 10 Machi

Nimeula wa chuya.

Nimepanda nimenyoa, na shati safi. Ukuta mtupu, laini kama kiganja cha mtoto. Kushoto hakuna chakula. Kulia hakuna afya. Nikaupapasa. Plasta bado ilikuwa na unyevu, na nilijua kila karai lake, maana nililichanganya mimi.

Simu ikalia papo hapo. Chiriku akanisalimu kwa Kiingereza, sauti imenyooka, ya mtu mzima. Lini imekuwa hivyo? Akauliza swali. Nikasema have tea. Akauliza la pili. Nikasema have a rest. Nikasikia wenzake wanacheka pembeni, na yeye akiwanyamazisha. La tatu akaliuliza polepole, neno moja moja, nami nikadaka moja: home. Hilo nalijua! Nikalipakia kwenye toroli kwa furaha: “Have home!”

Akaacha Kiingereza. Kisha kwa Kiswahili: “Ndiyo, Baba, nyumba tunayo. Nimekuuliza unarudi lini.”

Hilo hata kwa Kiswahili sikuwa nalo.

Akanibembeleza kama mtu anavyombembeleza mgonjwa. Akasema nisijali, majibu atajaza mwenyewe, anajua ningependa kusema nini. Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata.

Nimekaa kwenye kile chumba mpaka njaa ikanishusha.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi amekiri. Aliuona mkaa, akajua mwandiko, akapaka. Ila leo hakucheka. Amesema nimpigie mtoto, niongee naye kwa lugha tuliyozaliwa nayo, nimwambie ukweli kuhusu zege na kuhusu kurudi. Rahisi kwake, yeye hana mtoto wa kumwambia.

Mchana mke wangu ametuma ujumbe. Chiriku amesoma mahojiano mbele ya darasa, wamempigia makofi. Kwenye swali la mwisho amejaza kwamba baba anarudi Desemba. Sasa ameanza kunipangia pa kuweka viatu. Mke wangu anauliza kama ni kweli.

Nimelifikiria hili nikiwa nimeegemea beleshi, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa kitenzi! Mama Birika anasema kipo kingine, take, yaani kuchukua, hicho ndicho lori lenyewe: kinabeba picha, dawa, basi, likizo, hata usingizi. Na ghorofa ya tano, juu ya kile chumba, nimegundua mtandao unashika pia, na kuta bado ni tofali tupu. Mkaa ninao mfukoni.

Mke wangu nimemjibu kwamba swali lake ni zito, halijibiwi kwa ujumbe. Nitalieleza vizuri Jumapili, kwa Kiingereza.